Daraja la Gantara na Kiarabu Changu

Mwalimu wenu wa uashi ameniomba niwaandikie kurasa chache kuhusu chokaa na mawe ya kale, kwa kuwa kazi hii nimeishika tangu meno yangu yote yakiwa bado kinywani. Nilikubali haraka, maana mzee akiombwa ushauri hufurahi kuliko akiombewa dua. Nikakaa, nikaandika kwamba kwenye daraja la Gantara, kule Saudia, nilikuwa na utaratibu wangu wa kutia namba kila jiwe linapotolewa mahali pake. Nikaisoma sentensi ile mara mbili. Ni uongo mtupu. Utaratibu ule ulikuwa wa Mkenya mmoja aitwaye Kyalo, na Kyalo alifukuzwa kazi kwa kosa nililolifanya mimi. Basi ukurasa ule nikauchana, na huu mnaousoma ndio wa pili.

Msidhani chokaa yenu nimeisahau. Chokaa mbichi iliyotoka tanurini haimwagiwi maji na mtu aliyeinama juu ya pipa. Inachemka, inaruka, wala haichagui uso wa nani. Fundi Makame, aliyenifundisha kazi Mji Mkongwe, aliniambia hivyo siku ya kwanza, na siku ya pili nikainama. Nilikaa wiki mbili sina nyusi, na akina mama wa mtaani wakaniita Yai. Ukishaizima, iache ilale shimoni imefunikwa maji, wiki baada ya wiki. Ukiikata kwa mwiko ikakaa kama samli iliyoganda, imeiva. Ukiichukua mapema, ukuta utatoa mapele na mwenye nyumba atakutafuta mpaka msikitini. Na saruji msiitie kwenye jiwe la kale hata mkibembelezwa. Saruji ni ngumu kuliko jiwe lenyewe na haiachi unyevu utoke. Baada ya misimu michache jiwe linameguka lote, saruji imebaki imesimama peke yake.

Kwa elimu hiyo nilifika Jeddah nikiwa mtu mzima mwenye wajukuu. Ilikuwa miaka ile ya mageuzi, nchi nzima imo katika kugeuzwa. Sinema zimefunguliwa, wanawake wameanza kuendesha magari, na kila kilichokuwa kimeachwa kianguke sasa kinatafutiwa fundi wa kukisimamisha. Nyumba za mji wa kale wa Jeddah zimejengwa kwa matumbawe na chokaa kama zetu. Waashi wa zege walikuwa wamejaa tele, lakini wa chokaa walikuwa wa kuhesabika, na mimi nikawa mmoja wao. Kampuni ilikuwa na ghala na kambi ya wafanyakazi Al-Sulay, Riyadh, ambako mbao na mawe yalitayarishwa, lakini kazi zenyewe nyingi zilikuwa upande wa Jeddah. Nikawa naishi huku na huku, begi langu halifunguliwi likaisha.

Sasa niwaambie ugonjwa wangu. Ugonjwa wangu ulikuwa Kiarabu. Nilisoma chuo cha Kurani kwa mwalimu mkali, nasoma herufi bila irabu, na maneno yetu mengi ya Kiswahili yametoka huko. Basi nilipofika Saudia nikajiona nimerudi kwa mjomba. Wenzangu Wakenya na Waganda walikuwa wakinisukuma mbele kwenye foleni ya ikama, kibali cha kuishi kule. "Mzee Khamisi, enda uongee na hao watu wako." Naenda nimevimba kifua. Nikikwama neno, nachukua la Kiswahili, nalikunja ulimi, nalitia ghuna kidogo, na mara nyingi linapita.

Siku moja halikupita. Tulikuwa Al-Dirah, kwenye maduka ya zamani ya Riyadh, mimi na Kyalo, nanunua kitambaa cha mke wangu. Muuzaji, mzee wa Kisaudi mwenye ndevu nyeupe, kaning'ang'ania bei. Nikataka kumwambia, je, hakuna huruma? Nikamwambia, "Ma fi huruma?" Mzee yule aliganda. Akanitazama kuanzia kofia mpaka kandambili, akatazama pazia la chumba cha nyuma, akaanza kunikemea kwa sauti ambayo duka la tatu walisikia. Kumbe kwao hurma ni mwanamke. Nilikuwa nimemuuliza, mbele za watu, kama hana mwanamke wa kunipa. Kyalo alicheka hadi akakaa kwenye ngazi ya duka. "Mzee, wewe siku moja utatufungisha," aliniambia. Nami nilicheka, lakini somo sikulishika. Nilijiambia muuzaji yule ana masikio mazito.

Kyalo alikuwa mtu wa Machakos, Mkristo, mwembamba, mwenye daftari dogo mfuko wa shati. Mimi nilikuwa fundi mkuu, yeye msimamizi wa karatasi, kwa sababu Kiingereza cha kuandika mimi sina. Kila siku alijaza fomu ya kazi zilizofanyika, akatia saini yake chini. Alikuwa na kawaida ya kuuliza kila kitu mara mbili, na mimi kawaida hiyo ilikuwa ikinikera. Nilikuwa namwita Bwana Uhakika. Mnajua mnavyowatania watu wa namna hiyo, na najua wapo humo darasani kwenu. Waacheni waulize.

Daraja lenyewe liko kwenye bonde la mto mkavu, mwendo wa saa chache kutoka Jeddah. Kyalo alipoliona mara ya kwanza alisema, "Daraja liko, mto mafi." Lakini mto upo. Unalala miezi mingi, kisha mvua inanyesha milimani kusikoonekana, na maji yanakuja yote kwa pamoja, mekundu, na mawe ndani yake. Watu wa pale walisema lilijengwa karne nyingi nyuma kwa ajili ya mahujaji wa ngamia. Nani alilijenga, hakuna aliyejua kwa yakini. Kila ukoo ulikuwa na jina lake la kutaja na kila jina lilikuwa babu wa huyo anayelitaja.

Mimi nililisoma kwenye mawe, na nyinyi jifunzeni kusoma hivyo. Chini kabisa palikuwa na mawe makubwa meusi, yamechongwa pande zote sita, hata pande ambazo hakuna atakayeziona. Huyo alikuwa mwashi mwenye wakati na mwenye kumcha Mungu. Juu yake palikuwa na mawe madogo yaliyoshikwa kwa chokaa iliyochanganywa jivu na tofali lililosagwa. Huyo alikuja baadaye, mafuriko yakiwa yameshachukua sehemu, na kazi yake ilikuwa safi lakini ya mtu anayehesabu siku. Halafu palikuwa na kiraka cha mtu wa tatu, aliyeokota lolote. Ndani ya kiraka hicho tulikuta jiwe lenye maandishi, bismillahi nzuri ya kuchonga, imewekwa kichwa chini miguu juu. Nilicheka sana siku ile. Nikawaambia wenzangu, tazameni, mwashi huyu kutwa yuko kwenye daraja la mahujaji na kusoma hajui. Wakacheka na wao.

Lilikuwa na matao mawili, kubwa na dogo. Tao kubwa lilikuwa zima. Tao dogo liliinama kidogo, na kulikuwa na mazungumzo kwamba huenda siku moja likashushwa na kujengwa upya, baada ya kupigwa picha na kupimwa na wataalamu. Na ubavuni mwa daraja kulikuwa na kitu cha aibu, ngazi ya mawe na saruji iliyojengwa miaka ya karibuni na watu wa pale ili washuke bondeni. Ilikuwa imekandamiza mguu wa daraja, na nyufa zilianzia hapo.

Mhandisi wetu alikuwa Rim, msichana wa Kisaudi, umri wa binti yangu wa mwisho. Alikuja kazini akiendesha gari lake mwenyewe, kofia ngumu juu ya hijabu, buti zimejaa vumbi. Mimi akiniita ammi Khamisi, ami yake, kwa adabu kabisa. Alijua kazi. Lakini nitasema ukweli, kwa kuwa ndio nilioahidi: nilikuwa naona vigumu kumuuliza. Akisema jambo nisilolielewa, nilitikisa kichwa. Mwanamume nikimwomba arudie, naona kawaida. Yeye nikimwomba arudie, naona nimeshuka. Sina la kujitetea hapo.

Tena sikilizeni jambo moja dogo. Sisi Waswahili tunasema daraja. Wao daraja lile walikuwa wakiliita gantara, nami nikadhani Gantara ni jina la mahali tu, kama sisi tunavyosema Darajani na wala daraja lenyewe hulioni. Madaraja ya barabara kuu waliyaita kubri. Kwa hiyo kichwani mwangu kubri lilikuwa la magari, Gantara palikuwa mahali, na daraja lilikuwa daraja. Miezi yote hiyo sikumsikia Mwarabu hata mmoja akilitaja neno daraja, wala sikujiuliza kwa nini.

Asubuhi moja Rim aliniletea ujumbe wa sauti kwenye simu, yeye akiwa Riyadh. Alisema, "Ya ammi Khamisi, bukra shilu ad-daraj, wal-hajar ala janb, halas." Kesho ondoeni daraj, na mawe muyaweke kando, basi. Nikausikiliza mara moja. Nikamwambia Kyalo, kesho tunalishusha daraja. Tao dogo, wakati wake umefika.

Kyalo akatoa daftari. "Mzee, hiyo order imeandikwa wapi?"

"Imesemwa. Nimeisikia kwa masikio yangu."

"Lakini hatujapiga picha. Wale wa vipimo hawajakuja. Si tumpigie engineer tuconfirm? Ni simu moja tu."

"Kyalo, unanifundisha mimi Kiarabu?"

"Sikufundishi, Mzee. Nauliza tu. Una uhakika ni tao?"

"Kasema daraja! Neno lenyewe ni letu, hata wewe ungelielewa."

Nikamchezea ule ujumbe. Alisikiliza, na kweli, katikati ya maneno yote yale aliisikia daraj. Akarudisha daftari mfukoni. Asubuhi ya pili aliuliza tena, tukiwa tumeshaweka fremu ya mbao chini ya tao, nami nikamwambia mbele ya vibarua kumi na wawili kwamba kama anaogopa kazi aende akapike. Hilo nalo limo katika hesabu yangu mbele ya Mungu.

Tao linashushwa kuanzia juu, kwa zamu, jiwe la kushoto na jiwe la kulia, ili uzito usielemee upande mmoja. Jiwe la katikati linalofunga tao ndilo la kwanza kutoka, na fremu ichukue mzigo kabla hujaligusa. Gonga fremu kwa nyundo. Ikilia wazi, bado haijabeba. Ikilia nzito, imebeba. Nilifanya yote hayo vizuri mno. Sijapata kuvunja kitu kwa ustadi kama ule.

Nilitaka mawe yalundikwe bondeni, tumalize. Kyalo hakunibishia tena, ila alichukua chaki ya mafuta nyekundu, na kila jiwe lililotoka alilitia namba ubavuni na kuchora mahali pake daftarini. Kisha akawaomba vibarua wayabebe hadi juu ya ukingo. Walinung'unika. Mimi niliwaacha, nikasema kimoyomoyo, Bwana Uhakika anajifariji. Siku nne baadaye mvua ilinyesha milimani na mto ukaja. Bonde lote lilijaa. Mawe yale yangelala pale chini, leo yangekuwa yanatafutwa baharini.

Rim aliporudi na kuona tao halipo, hakupiga kelele. Alikaa kwenye jiwe, akavua kofia, akasema neno moja, "Lesh?" Kwa nini? Nikajibu upesi kwamba tumefanya kama alivyosema. Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka. Kesho yake tukaitwa Riyadh, sote watatu.

Ofisi ilikuwa Al-Malqa, kwenye jumba la kifahari lenye mazulia ambayo tuliona haya kuyakanyaga kwa viatu vyetu. Meneja, Abu Nasir, alikuwa na ile fomu ya siku mezani. Kwa Kiingereza imeandikwa kwamba tao dogo limeshushwa, na chini yake saini ya Kyalo. Jina langu halikuwemo popote.

Rim alieleza kwa Kiarabu kwamba aliagiza daraj iondolewe. Akachukua kalamu, akamchorea Abu Nasir daraja la Gantara, na ubavuni mwake akachora ngazi. Vidato vitatu, vinne. Akagonga kwenye vidato kwa ncha ya kalamu. "Ad-daraj," akasema.

Hapo ndipo nilipoelewa. Daraj ni ngazi, na gantara ndiyo daraja. Vidato. Neno letu wenyewe, ambalo tumelichukua kwao tukaenda nalo kwetu, na njiani likageuka. Nilikuwa nimebomoa kazi ya waashi wa karne nyingi kwa sababu ya neno ambalo ningeliuliza kwa pumzi moja.

Abu Nasir akanigeukia mimi. Aliniheshimu, alikuwa akinitania kwamba mimi ni Mwarabu aliyechomwa na jua. "Ya Khamisi, wewe uliwaambia nini watu?"

Wanangu, jibu la kweli lilikuwa fupi. Nilikosea, sikulijua neno. Lilifika mpaka hapa kooni. Nikasema, "Gult lahum ad-daraj." Nimewaambia daraj.

Na si kweli hiyo? Nimewaambia daraja, ila Abu Nasir alisikia ngazi. Hata nikiapishwa ningeapa. Ndiyo maana naona haya zaidi, kwamba nilitafuta uongo usio na alama ya uongo.

Abu Nasir akamwuliza Kyalo kwa Kiingereza kama ni kweli Mzee alimwambia daraj. Kyalo, ambaye Kiarabu chake kilikuwa yalla na mafi mushkila, alisikia neno analolijua, akafurahi kwamba nimemtetea. "Yes sir," akasema. "Daraja. Aliniambia daraja." Akanitazama kwa shukrani. Abu Nasir alifunga faili. "Halas," akasema.

Tulipotoka nje Kyalo aliniuliza, "Wamesema aje, Mzee?"

Nikamwambia, "Wanafikiria."

Siku tatu baadaye akakatiwa ruhusa ya kutoka na kutorudi. Sababu iliyoandikwa ni kwamba hakufuata maagizo aliyotafsiriwa. Alikaa kambini Al-Sulay wiki tatu akingoja karatasi zimalizike, kitanda chake na changu vikitazamana. Kila adhuhuri nilimletea chakula. Biriani, tende, samaki wa kukaanga, nilimlisha kama mzazi. Mara mbili aliniuliza kama najua kosa lake hasa ni lipi, na mara mbili nikamwambia wakubwa wana mambo yao. Siku ya kuondoka nilimbebea sanduku hadi kwenye basi. Daftari lake alinipa. "Litakusaidia na yale mawe," aliniambia. Nilitamani ardhi ipasuke.

Lilisaidia kweli. Tulilirudisha tao lile jiwe kwa jiwe, kila namba mahali pake, na ukitazama leo hujui kama liliwahi kuguswa. Wageni walikuja kulitazama. Wakasifu sana utaratibu wa namba, na kwenye hafla moja pale Jeddah nikapewa shahada iliyoandikwa kwa dhahabu, inayosema kwamba fundi Khamisi alihifadhi urithi. Nikaipokea kwa mikono miwili. Rim alipiga makofi pamoja na wengine. Nadhani hakuwahi kujua, na nadhani kama ningemwambia angenisikiliza. Nilikuwa na miaka miwili mizima ya kumwambia kabla sijastaafu na kurudi Unguja.

Basi nilipouchana ule ukurasa nilitafuta namba ya Kyalo kwa watu wa zamani wa kambini. Nikampigia. Sauti ilikuwa ileile.

"Mzee Khamisi! Bado uko?"

Nikamwambia yote. Neno, maana yake, Al-Malqa, jibu langu. Nilizungumza haraka kama mtu anayetapika. Nilipomaliza, nilisikia kuku upande wake wa simu na mtu akipasua kuni.

"Mzee," akasema, "hiyo nilijua hata kabla sijapanda ndege. Nilimwuliza yule dereva Msudani wa Sulay, daraj ni nini. Akanionyesha ngazi ya kambi."

"Ulijua? Wiki tatu zile?"

"Wiki mbili na nusu. Kila ukileta chakula nilikuwa nasema, leo ataniambia."

Nikamwomba radhi, na aliipokea kwa upole uliozidi kuniumiza. Akanieleza kwamba huko kwao ilijulikana kwamba alirudishwa kwa kuvunja daraja la watu. Kazi kubwa za mawe hazikumjia, amekuwa akijenga nguzo za mageti na vyoo. Hilo alilisema bila uchungu. Lakini ana binti, Mwende, anasomea ujenzi chuoni, na likizo iliyopita walibishana juu ya kipimo cha msingi, binti akamwambia, wewe Baba ndiye uliyefukuzwa kwa kubomoa bila kuuliza, sasa unanifundisha nini.

"Sikumjibu," Kyalo akasema. "Ningesema nini? Ningeonekana namsingizia mzee wa watu. Mzee, kama unataka kunisaidia, mwambie yeye. Yuko hapa."

Nilimwambia ningeandika barua. Ndiyo, hata hapo nilijaribu kukimbia. Akasema, "Hapana, Mzee. Kwa mdomo." Nikasikia simu inapita mkono hadi mkono.

"Shikamoo," sauti ya msichana ikasema. "Baba anasema una kitu cha kuniambia."

"Marahaba, mwanangu. Tao lile nililivunja mimi. Baba yako aliniuliza mara mbili kama nina uhakika, akataka tupige simu, nikamtukana mbele ya watu. Kisha nikaacha afukuzwe yeye."



"Kwa nini hukusema wakati ule?"

Miaka yote hii nilikuwa nimejiandalia majibu. Umri wangu, wajukuu, hofu ya kafili, mwajiri aliyeshika karatasi zangu. Lakini kila moja lilikuwa bado na ujanja ndani yake, nami nilikuwa nimechoka na ujanja.

"Kwa sababu sikutaka watu wajue kwamba Kiarabu sikijui."

Mwende alingoja. Alidhani bado naendelea, kwamba sababu yenyewe inakuja.

"Ni hilo tu?" akauliza.

"Ni hilo tu," nikamwambia.